Faili Lipo, Ila Halionekani

Dirisha dogo linachomoza katikati ya skrini likiwa na alama nyekundu ya msalaba. Linatangaza kwamba programu haiwezi kuendelea kwa sababu VCRUNTIME140.dll haikupatikana, na kwamba huenda ukiisakinisha upya tatizo litaisha. Chini yake kuna kitufe kimoja tu, OK, kana kwamba mwenye kompyuta ameombwa rai na akaridhia. Mwenye kompyuta alitaka kufungua mchezo wa mpira, au programu ya hesabu za duka. Huyo VCRUNTIME hamjui, wala hakumbuki walikosana lini. Basi anafanya wanalofanya watu wote: ananakili jina hilo na tarakimu zake, analitafuta kwenye intaneti, anaangukia tovuti inayogawa DLL, yaani maktaba za programu, bure bila kumwuliza mtu ni nani, anapakua, anatupia ndani ya System32, anabofya tena. Sasa dirisha limebadilika. Linasema programu imeshindwa kuanza vizuri, kosa 0xc000007b, na kitufe ni kilekile, OK. Kilichotokea ni kwamba amepakua maktaba ya biti 32 na kuiweka kwenye folda ya maktaba za biti 64, kwa kuwa katika Windows ya biti 64 folda iitwayo System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na yale ya biti 32 yanakaa kwenye folda iitwayo SysWOW64. Aliyepanga hivyo hakuwa amelewa. Programu nyingi za zamani zilikuwa zimeandikwa jina System32 ndani yake, na Microsoft ilitaka hata zikigeuzwa kuwa za biti 64 ziendelee kufanya kazi bila kuguswa. Lakini mwenye duka atayajuaje hayo? Hata namba 140 ina kituko chake: maktaba ya Visual C++ ya 2010 iliitwa MSVCR100, ya 2013 ikaitwa MSVCR120, halafu 2015 ikarukia 140. Namba 13 haikuonekana kabisa. Kila mtu na afikirie lake.

Wataalamu wakisikia kisa cha namna hii hutikisa kichwa, kisha huanza hotuba juu ya tofauti za mifumo. Windows ina DLL zake, Linux ina mafaili yanayoishia na .so, Mac ina .dylib, HP-UX ya zamani ilikuwa na .sl, na AIX ya IBM hutia maktaba za kushirikiwa ndani ya faili la .a, herufi ambayo kwenye Unix nyingine ni alama ya maktaba isiyoshirikiwa. Yote hayo ni kweli, ila nadhani tofauti hizo zinasingiziwa. Kupakia maktaba wakati programu tayari inaendeshwa ni kazi ya hatua tatu popote pale: tafuta faili, liweke kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha tafuta ndani yake jina la kazi unayoitaka upewe anwani yake. Windows inatumia LoadLibrary na GetProcAddress. Jamaa wa Unix, tangu enzi za SunOS, wanatumia dlopen na dlsym. Anayejua njia moja anajifunza ya pili kabla chai haijapoa. Wazo lenyewe lina umri wa babu, maana mfumo wa Multics ulikuwa ukiunganisha programu na maktaba zake hivyo katika miaka ya 1960. Kinacholiza watu ni kwamba ile sehemu ya mfumo inayofanya kazi hiyo, nitakayoiita kipakiaji, inajua kila kitu kuhusu safari yake na haisemi. Inajua ilianzia folda gani, ikaenda ipi, ikakuta nini, ikakikataa kwa sababu gani. Ni karani wa masijala aliyepekua makabati manne, akakuta jalada lako limo ila limepungua ukurasa mmoja, kisha akarudi dirishani na neno moja: halionekani.

Tuanze na swali la wapi pa kutafuta, kwa sababu hapo ndipo mifumo inapoachana kweli, na kila mmoja una sababu za maana. Programu ya Windows ikitaja maktaba kwa jina tu, kipakiaji kwa kawaida huangalia kwanza folda ya programu yenyewe, kisha System32, kisha folda ya mfumo ya enzi za biti 16 ambayo ni kama kaburi lililoachwa na anwani yake, kisha folda ya Windows, kisha folda ambamo mtumiaji anafanyia kazi wakati huo, na mwisho folda zote zilizoorodheshwa kwenye PATH. Zamani folda ya kazi ilikuwa inatangulia System32. Ilisogezwa nyuma, na hilo likawa kawaida kuanzia Windows XP yenye Service Pack 2. Linux kwa upande wake haiangalii kabisa folda ya programu, jambo linalomshangaza kila anayehama kutoka Windows akiwa na mafaili yake yote kwenye folda moja. Yenyewe inauliza kigeu cha LD_LIBRARY_PATH, inasoma njia zilizochorwa ndani ya programu yenyewe kama zipo, inafungua orodha iliyotayarishwa na ldconfig, na inamalizia /lib na /usr/lib. Ukiweka maktaba mpya kwenye folda halali ya mfumo na ukasahau kuendesha ldconfig, unaweza kuambiwa haipo huku unaitazama. Mac ina mtindo wa tatu: kila maktaba hubeba anwani yake ndani yake, programu inanakiliwa anwani hiyo wakati wa kutengenezwa, na siku ya kuendeshwa kipakiaji kinakwenda moja kwa moja pale kilipoambiwa. Ukiihamisha maktaba folda, anwani ya zamani inabaki ndani ya programu. Kuna kigeu cha DYLD_LIBRARY_PATH cha kukielekeza kipakiaji kwingine, lakini tangu toleo la El Capitan la 2015 ulinzi wa mfumo hukinyofoa kila unapopitia programu za Apple zinazolindwa, ikiwemo /bin/sh. Kwa hiyo unakiweka vizuri kabla ya kuendesha hati yako, kinatoweka njiani, na hakuna anayekuambia kimetoweka.

Sasa tazama majibu yanayotolewa safari inaposhindikana. Kwenye Windows maarufu kuliko yote ni kosa 126: moduli iliyotajwa haikupatikana. Mtu anakagua folda, moduli iliyotajwa imekaa pale, ina jina sahihi, ukubwa sahihi na tarehe ya jana. Anaifuta na kuiweka tena, anaanza upya kompyuta, anaipa ruhusa zote. Ukweli ni kwamba kipakiaji kiliipata bila shida. Kisichopatikana ni maktaba nyingine ambayo ile ya kwanza inaihitaji, pengine ya tatu au ya nne katika mnyororo, na kosa 126 halimtaji huyo aliyekosekana. Waliotunza lugha ya Python walijaribu kusaidia. Tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019, ctypes, sehemu yake inayopakia maktaba, ikishindwa husema haikuweza kupata moduli fulani, inaitaja kwa njia yake yote kuanzia C:, kisha inaongeza kwenye mabano kwamba huenda ni mojawapo ya maktaba zinazoitegemeza, na inamalizia kwa ushauri: jaribu kutumia njia kamili. Njia kamili ndiyo hiyo imeichapa yenyewe sentensi moja nyuma. Siwacheki sana, kwa sababu wanapeleka tu walichopewa na Windows, na walichopewa ni tarakimu tatu. Ila toleo hilohilo la 3.8 ndilo lililoacha kutumia PATH kutafuta maktaba za namna hiyo kwenye Windows, kwa sababu nzuri za usalama, na programu zilizokuwa zikifanya kazi kwenye 3.7 zikaanza kuambiwa haikupatikana, bila neno hata moja kwamba kilichobadilika ni mahali pa kutafuta.

Lipo kosa lingine ninalolipenda kwa uovu wake, nalo ni 193. Hili hutokea unapochanganya biti: programu ya 64 inapopewa maktaba ya 32, au kinyume chake. Ujumbe wake umeandikwa na nafasi ya kujazwa jina la faili, na nafasi hiyo imewekewa alama ya %1. Programu nyingi huuchapa bila kuijaza nafasi hiyo, Python ikiwa mojawapo, hivyo mtumiaji anasomewa kwamba %1 si programu halali ya Win32. Huyo %1 ni nani? Na Win32 inaingiaje hapa, ikiwa mtu anaendesha Windows ya biti 64 na anachopakia ni maktaba? Kila neno katika sentensi hiyo linampotosha msomaji kwa namna yake, wakati kipakiaji kimeshasoma kichwa cha faili na kinajua kabisa kwamba hili ni la biti 32 na anayeliomba ni wa biti 64. Sentensi ya maneno kumi ingetosha.

Wapenzi wa Linux wasianze kucheka, kwa sababu wao wana kiini macho kikubwa zaidi. Chukua programu iliyotengenezwa kwa mfumo wa kawaida wa Linux, uipeleke kwenye Alpine, ile Linux ndogo inayopendwa na watu wa kontena. Andika ls: faili lipo, lina rangi ya kijani, lina ruhusa ya kuendeshwa. Andika jina lake: not found. Andika ls tena, maana sasa huyaamini macho yako: bado lipo. Siri iko kwenye mstari mmoja ndani ya programu hiyo unaotaja kipakiaji cha kuitayarisha, ambacho kwenye mifumo ya x86-64 inayotumia glibc, maktaba ya msingi ya C, ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Alpine inatumia musl badala ya glibc, na kipakiaji chake kina jina jingine. Kwa hiyo kisichokuwepo ni kipakiaji chenyewe. Kiini cha mfumo kinarudisha kosa la faili kutokuwepo, na ganda la amri linalibandika kosa hilo kwenye jina uliloandika wewe. Ndiyo maana mtu mwenye akili timamu anaweza kukaa mchana kutwa akibishana na kompyuta kuhusu kuwepo kwa faili ambalo wote wawili wanaliona. Jambo la kutia moyo ni kwamba Bash, kuanzia toleo la 5.2, limebadilisha usemi: sasa linasema haliwezi kuendesha, faili linalohitajika halikupatikana. Bado halilitaji. Lakini angalau halikani tena kile kilicho mbele ya macho.

Apple nayo ilifanya mchezo huo kinyume. Kuanzia macOS Big Sur ya 2020, maktaba nyingi za mfumo hazipo tena kwenye diski kama mafaili ya kawaida. Zimeunganishwa zote ndani ya hifadhi moja kubwa ya kipakiaji. Ukizitafuta kwa macho huzioni, ukiuliza kama faili lipo unaambiwa halipo, lakini ukiita dlopen kwa anwani ileile ya zamani, inaitika. Programu zilizokuwa na adabu ya kubisha hodi kwanza, yaani kukagua kama faili lipo kabla ya kulipakia, ndizo zilizoumia. Kazi ya Python ya kutafuta maktaba ilikuwa na adabu hiyo, na waliochora kwa PyOpenGL wakaambiwa OpenGL haipo kwenye Mac, ilhali ilikuwemo palepale ndani ya hifadhi ya kipakiaji. Wale waliokuwa wakivamia bila kuuliza hawakupata shida yoyote.

Lakini Mac hiyohiyo ndiyo shahidi wangu mkuu. Kipakiaji chake cha siku hizi kikishindwa, kinasema maktaba gani haikupakiwa, imetajwa na faili lipi, na kinaorodhesha kila mahali kilipojaribu pamoja na kilichokikuta: hapa hakuna faili, pale hakuna faili wala haimo kwenye hifadhi, na pale faili lipo lakini ni la x86_64 wakati inahitajika arm64. Soma hilo la mwisho, halafu ukumbuke %1 si programu halali ya Win32. Ni kosa la familia moja, na tofauti pekee ni kwamba mmoja ameamua kusema. Hakuna aliyedai kwamba Mac imekuwa nzito kwa ajili ya sentensi hizo, kwa sababu zinaandikwa baada ya safari kuvunjika, wakati ambapo hakuna tena haraka ya kwenda popote.

Anayeandika programu naye amewekewa mtego wake. Kwenye Unix, dlopen ikishindwa, maelezo yanapatikana kwa kuita dlerror, na dlerror inajibu mara moja tu. Ukiiita mara ya pili, inasema hakuna kosa lililotokea. Programu nyingi huiita mara ya kwanza ndani ya sharti, kuangalia tu kama kuna kosa, kisha huiita tena kulichapa, na kinachochapwa ni utupu. Windows inayo GetLastError, ambayo hutunza namba ya kosa la mwisho, na kosa la mwisho lina tabia ya kufunikwa na lolote litakaloitwa baadaye. Mwandishi anayeamua kuandika kwanza kwenye kumbukumbu za programu kwamba “maktaba imeshindwa kupakiwa” anaweza kukuta kuandika kwenyewe kumeshafuta sababu. Kwa hiyo hata ule ufupi uliotolewa na kipakiaji hupotea mara nyingi kabla haujamfikia binadamu. Kufunga nako kuna unafiki wake: musl ikiombwa dlclose, inapokea ombi kwa heshima na haiondoi chochote. Nyaraka zao zinakiri hivyo waziwazi, na sababu zao za kiufundi ni nzito, lakini mtu aliyekaa kupima kumbukumbu iliyorudishwa baada ya dlclose atapima sana.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kutaka kipakiaji kiseme yote ni kwamba mwenye duka hataelewa orodha ya folda, na maelezo marefu yatamtisha. Ni kweli hataelewa. Lakini hii fupi ameielewa lini? Tofauti ni kwamba ile ndefu anaweza kuipiga picha na kumtumia fundi kwa WhatsApp, na fundi akaisoma akiwa kwenye daladala na kujibu kwa mstari mmoja. Hii fupi hata fundi hawezi kuifanyia kitu mpaka aletewe mashine. Ujumbe wa kosa hauandikwi kwa ajili ya anayeuona peke yake. Unaandikwa pia kwa ajili ya yule atakayepelekewa. Na ukitaka kujua hasara ya ufupi, hesabu tovuti za kugawa DLL. Zimenona kwa sababu Windows inataja jina la faili na hainong’onezi kwamba faili hilo limo ndani ya kifurushi cha Visual C++ kinachotolewa bure na Microsoft yenyewe. Mtu akipewa jina la faili atatafuta faili, na atakayemletea si lazima awe mwema.

Pingamizi la pili linatoka kwa wajuzi: zana zipo, tatizo ni uvivu. Kwenye Linux andika LD_DEBUG=libs mbele ya jina la programu, na kipakiaji kitamwaga kila kitu, folda baada ya folda. Sawa, na ni zana nzuri sana. Lakini inathibitisha hoja yangu: kipakiaji kilikuwa na maelezo yote muda wote, kikasubiri neno la siri. Kuna ldd pia, inayoorodhesha maktaba za programu na zisizopatikana, ila mwongozo wake unaonya usiitumie kwenye programu usiyoiamini, maana katika hali fulani inaweza kuishia kuiendesha programu yenyewe. Windows ina njia ya kuwasha maelezo ya kipakiaji, ambayo utayasoma ukiwa umefungua zana ya kukagua programu, na ina Process Monitor, ambayo itakuonyesha kila faili lililoguswa na kila programu kwenye mashine, ukae uchambue. Wengine bado wanashikilia Dependency Walker. Ilikuwa zana ya kupendwa, lakini haikujifunza kwamba tangu Windows 7 kuna majina yanayoanza na api-ms-win ambayo kipakiaji huyageuza kimyakimya kuwa maktaba nyingine. Inayaona hayo na kupiga kelele kwamba yamekosekana kwenye kompyuta nzima, ambayo haina tatizo lolote. Nimesoma mashauri mengi ya kuwaelekeza watu huko, na sijaona linaloeleza kwa nini kazi ya kukiuliza kipakiaji kilichokikwamisha ihitaji mtu wa kati.

La tatu ni zito kidogo: usalama. Ukitaja folda zote ulizopitia, si unamwonyesha mwizi mlango usio na kufuli? Mwaka 2010 jambo hili lilileta kizaazaa, ilipobainika kwamba programu nyingi za Windows zinaweza kudanganywa kwa hati ya kawaida iliyowekwa kwenye folda ya mtandao pamoja na DLL yenye jina fulani. Mtumiaji anafungua hati, programu inatafuta maktaba ambayo haipo kwenye mfumo, inafika kwenye folda ya kazi, inaikuta ile ya mwizi na kuikaribisha. Microsoft ilitoa tahadhari Agosti mwaka huo na njia ya kuizuia folda hiyo isitafutwe. Lakini angalia nani alijua na nani hakujua. Wizi ulitegemea mpangilio wa kutafuta ambao umeandikwa kwenye nyaraka za Microsoft, na kila mwizi mwenye Process Monitor angeuona kwa macho. Aliyekuwa gizani ni mwandishi wa programu, ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba programu yake kila inapoanza inaulizia maktaba isiyokuwepo, kwa sababu kukosa huko hakukuzuia chochote. Ukimya ulimlinda nani hapo?

Pingamizi la nne ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa siku hizi: achana na maktaba za kushirikiwa kabisa, funga kila kitu ndani ya programu moja, kama wafanyavyo watu wa lugha ya Go, na utalala usingizi. Nalikubali kwa nusu. Programu iliyojifunga hivyo inasafiri vizuri, na diski za leo si za kubania. Ila Aprili 2014 ilitangazwa Heartbleed, ufa kwenye maktaba ya OpenSSL uliowezesha mtu wa nje kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva. Palipokuwa na maktaba ya kushirikiwa, msimamizi aliweka toleo moja lililorekebishwa, akaanzisha upya huduma zake, na programu zote zilizoitegemea zikapona pamoja. Palipofungwa kila kitu ndani, ilibidi kila programu itengenezwe upya na mwenye nayo, ikiwa bado yu hai na anakumbuka nywila. Tena yapo mambo yasiyofungika. Dereva wa kadi ya michoro lazima apakiwe programu ikishaanza, kwa kuwa aliyeandika mchezo hajui wewe umenunua kadi gani. Kichekesho cha mwisho kiko kwenye glibc: ukijaribu kufunga ndani programu inayotafuta anwani za mtandao kwa getaddrinfo, kiunganishi kinakuonya kwamba programu hiyo iliyojifunga, ikiendeshwa, itahitaji maktaba za kushirikiwa za glibc za toleo lilelile ulilolitumia. Umefunga milango yote, na bado kuna mtu anaingia na kutoka.

Kuna mahali hoja yangu inaishia, na sina budi kufika. Maktaba inaweza kupatikana, ikapakiwa bila kosa, na bado ikaharibu shughuli. Mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14 waliokuwa na Flash ya biti 64 walianza kusikia muziki wa kwenye tovuti ukikwaruza na kutoa milio ya ajabu. Hakuna dirisha lililochomoza, hakuna namba ya kosa. Glibc ilikuwa imeharakisha memcpy, kazi ya kunakili baiti, na kwenye vichakataji fulani vya Intel ikaanza kunakili kutoka mwisho kwenda mwanzo. Masharti ya memcpy yanasema sehemu mbili zisipishane, na Flash ilikuwa ikizipishanisha miaka yote bila kuadhibiwa. Linus Torvalds mwenyewe aliingia kwenye mjadala kusema kwamba mtumiaji hajali kosa ni la nani, anajali kwamba sauti yake imeharibika. Suluhisho lilikuja katika glibc 2.14: memcpy mpya ilipewa muhuri wa toleo hilo, na programu za zamani zikaachiwa ya zamani yenye kuvumilia.

Mihuri hiyo imezaa ujumbe mmoja wa Linux ambao, kwa vipimo vyangu vyote, ni wa kupigiwa mfano. Tengeneza kwenye Ubuntu 22.04 programu ya kusalimia tu, mistari mitano ya C, kisha uipeleke kwenye Ubuntu 20.04. Utajibiwa kwamba toleo GLIBC_2.34 halikupatikana, kwamba lilitafutwa ndani ya libc.so.6 iliyoko folda fulani, na kwamba anayelihitaji ni programu hii hapa. Jina, mahali, na mwenye shida, vyote vimo. Hata chanzo chake kinajulikana: toleo hilo la 2021 liliipa muhuri mpya kazi ileile inayoianzisha kila programu ya C, kwa hiyo hata salamu ya neno moja inaubeba, na dlopen yenyewe iliwekewa muhuri huohuo ilipohamishiwa ndani ya libc. Mtu anausoma ujumbe huo mara moja na kuuelewa wote. Kisha anatambua kwamba glibc ya mfumo haibadilishwi kienyeji bila kuhatarisha mashine nzima, kwamba mwenye programu hajibu barua pepe, na kwamba kilichobaki ni kubadilisha mfumo mzima ili aweze kusalimiwa.